Nimelipa, Mbona Sijapewa Dawa?

Nimekaa mapokezi ya kliniki ya daktari mmoja binafsi hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, kiasi kwamba watoto niliowafungulia faili wakiwa mgongoni mwa mama zao sasa wanakuja wenyewe na bodaboda na kuniamkia. Mimi si daktari wala nesi. Nafungua faili, napokea hela, nahangaika na bima, napanga foleni na kujibu maswali. Hilo la mwisho ndilo linalokula siku. Ukiyasikiliza maswali ya wagonjwa kwa muda mrefu unagundua mengi yamebeba swali moja ndani yake, ambalo mtu huona haya kulisema waziwazi: hela ninayoiacha hapa inanunua nini?

Wapo wanaolisema. Mtu anatoka chumba cha daktari, anasimama dirishani kwangu, anageuza kadi yake huku na huku. "Dada, nimelipa elfu ishirini. Nimeongea na daktari karibu nusu saa. Mbona sijapewa dawa?" Mara nyingi hana hasira, ameshangaa tu. Alikozoea kwenda, ukiingia unatoka na bahasha tatu za vidonge na sindano juu. Na elfu ishirini ni hela. Kwa mwenye genge la nyanya ni faida ya siku kadhaa, siwezi kumwambia asihesabu.

Ninachomwambia ni kwamba ile ni hela ya kumuona daktari: muda wake na kichwa chake. Dawa na vipimo vina bei zake. Chukua mtoto mwenye mafua ya siku mbili, anacheza, ananyonya, kifua kiko safi. Daktari akamwambia mama yake, "Mpe paracetamol akichemka, mnyonyeshe mara kwa mara, lakini akianza kupumua haraka haraka, kifua kikawa kinabonyea, au akigoma kunyonya, mrudishe siku hiyohiyo hata kama ni usiku." Mama huyo amepata alichokuja kukinunua, ingawa anaondoka mikono mitupu. Antibiotiki haiui virusi vya mafua, hilo kila nesi analijua. Ila kumuandikia mama chupa ya dawa kunachukua dakika moja, na kumweleza kwa nini haihitaji kunachukua kumi. Daktari wetu anaeleza. Lawama napokea mimi.

Kwa hiyo siku hizi nasema mambo ya hela mapema, kabla mtu hajakaa. Ada ni kiasi fulani. Ukirudi ndani ya siku saba kwa tatizo lilelile hulipi tena ya kumuona daktari (huu ni utaratibu wetu, kwingine uliza). Kipimo chochote utatajiwa bei kabla ya kutolewa damu, na una haki ya kusema, "Subiri kwanza, nipige simu nyumbani." Hili la mwisho watu hawaliamini. Nimeona mtu mzima, amevaa suti, anatolewa damu ya vipimo vya elfu themanini na mfukoni ana thelathini, kwa kuwa tu hakutaka kuonekana hana. Kisha tunabaki kutazamana pale dirishani. Bora angemuuliza daktari kipi ni cha leo na kipi kinaweza kusubiri mshahara. Daktari anayekujua hukupangia, na wala hashangai. Anaulizwa hivyo kutwa nzima.

Wazee wana sababu zao za kututilia shaka. Mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku tiba binafsi ya biashara nchini. Hospitali za mashirika ya dini ziliendelea, lakini daktari kufungua kliniki yake na kutoza watu, hapana. Ruhusa ilirudi 1991. Hata kwenye hospitali za serikali uchangiaji ulianza 1993. Ina maana kizazi kizima kilikua bila kujua bei ya daktari. Mzee mmoja mstaafu wa reli, kila nikimkatia risiti, hutikisa kichwa: "Binti, sisi hela ya daktari tulikuwa hatuijui." Namjibu, "Shikamoo mzee, elfu ishirini." Tunacheka wote wawili, na analipa.

Wageni huuliza pia, "Huyu daktari wa familia ni bingwa wa nini?" Swali zuri. Tiba ya familia ni ubingwa unaosomewa. Chuo Kikuu cha Aga Khan hapa Dar kinaufundisha. Lakini madaktari wengi wanaoitwa hivyo mitaani ni madaktari wa kawaida waliokaa mahali pamoja hadi wakawajua bibi, mama na mjukuu. Wa kwetu ni wa namna hiyo. Mtu akitaka kujua kama ni daktari kweli, namwonyesha leseni ukutani, na jina lake linaweza kuangaliwa kwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Sioni kama ni dharau. Tena kwenye vituo vingi anayekuhudumia huwa ni tabibu au daktari msaidizi, watu wenye mafunzo yao na wengi hodari sana, ila una haki ya kujua uko mbele ya nani.

Sasa niseme la dawa, maana hapo ndipo nimeona mengi.

Tukikupigia simu kukukumbusha miadi tunakwambia uje na dawa zako zote. Watu wanaitikia vizuri, "Sawa dada," halafu wanakuja na karatasi, au na kumbukumbu: "Natumia kile kidonge cheupe, kidogo hivi, cha duara." Vidonge vyeupe vya duara vimejaa dunia nzima. Kuna mama mmoja wa Tabata alituelewa, akaja na kikapu. Alikuja kwa sababu miguu ilikuwa imevimba kwenye vifundo, soksi zinaacha alama, na majirani walishamwambia ni figo. Alikuwa ameshaogopa vya kutosha. Nesi akamwaga kikapu juu ya meza na kuanza kupanga maboksi kwa mstari, akisoma yale maandishi madogo yaliyo chini ya jina kubwa. Akatoa boksi la bluu, akalisogeza pembeni. Akatoa jeupe lenye mstari mwekundu, akaliweka karibu na lile la bluu. "Mama, hii unakunywa saa ngapi?" "Asubuhi." "Na hii?" "Usiku. Hiyo alinitumia mkwe wangu, ni nzuri kuliko ya hospitali." Majina makubwa yalikuwa tofauti kabisa. Kwa maandishi madogo yote mawili yalikuwa amlodipine, moja miligramu kumi, nyingine tano. Mama alikuwa anakunywa dawa moja ya presha mara mbili kwa siku kwa majina mawili, na moja ya kero zinazojulikana za dawa hiyo, hasa ikizidi, ni kuvimbisha miguu.

Chini kabisa ya kikapu kulikuwa na chupa ya soda yenye maji ya kahawia. Nesi akaishika. Mama akatazama pembeni. "Hiyo ni ya shamba tu, mwanangu." Daktari alipoingia hakumfokea. Aliuliza ni majani gani, anakunywa kikombe kikubwa au kidogo, tangu lini, akaandika kwenye faili. Akamwomba aiache kwanza hadi majibu ya figo yatoke. Figo zilikuwa nzima. Boksi moja likaondolewa, uvimbe ukapungua, na mama yule siku hizi ndiye anayewahubiria wenzake kwenye benchi letu: leta vyote, hata vya shamba, hata vile vya maumivu unavyonunua duka la dawa bila kuandikiwa. Vya maumivu hasa. Diclofenac, ambayo watu wanaitafuna kwa kiuno na magoti, inapandisha presha na kuumiza figo ukiitumia muda mrefu, na hakuna anayeitaja akiulizwa "unatumia dawa gani?" kwa sababu kwake hiyo si dawa, ni ya maumivu tu.

Kuna na wale wa simu. "Dada, mwambie daktari aniandikie ileile ya mwezi uliopita, namtuma kijana aje achukue." Kama ni ya presha au sukari, na mtu tulimpima majuzi akawa vizuri, mara nyingine inawezekana. Kama ni antibiotiki, haiwezekani, na hapo ugomvi huanza. "Lakini ndiyo iliyonisaidia!" Ilikusaidia kwa kikohozi cha Machi, hiki cha Juni huenda ni kingine. Anakata simu, na najua anapoelekea. Duka la dawa lipo kona, azuma, yaani antibiotiki ya azithromycin, iko pale, hakuna atakayemuuliza chochote.

Presha nayo ina kesi zake. Mtu ameshuka daladala, amevuka barabara kwa kukimbia, ameingia kwa hasira ya foleni, anataka apimwe palepale. Tunamwambia akae dakika tano. Anaona tunamchelewesha. Kumbe ukipima mkono uliojaa mbio unapata namba ya mbio. Nesi wetu ana sheria zake: mgongo uegemee, miguu chini bila kukunja nne, mkono uwe usawa wa moyo, kojoa kwanza, na usiongee. Hilo la usiongee ndilo gumu kwa wateja wetu wa Magomeni. Ameshamwona mama akishuka kutoka 168 hadi 146 kwa kukaa kimya tu, na tofauti hiyo inaweza kuamua kama unaongezewa kidonge cha kumeza kila siku au huongezewi.

Kwenye vipimo swali linalorudi kila msimu wa mvua ni hili: "Nimemaliza dozi ya malaria, nimepima tena, bado ipo. Mmenipa dawa feki?" Nilikuwa simwelewi mtu wa maabara mpaka aliponieleza kwa utulivu. Kile kipimo cha haraka, cha tone la damu na vimistari, kinanusa protini inayotolewa na vimelea. Dawa mseto inaua vimelea, lakini ile protini inaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo ukipima siku ya tano mstari wa pili unaweza kuonekana na wewe umeshapona. Kama homa imerudi kweli, tunaangalia kwa hadubini, ambayo inaona vimelea wenyewe. Na kabla ya kulaumu dawa, nesi huuliza umekunywaje. Dozi ni mara sita kwa siku tatu, ya pili inafuata baada ya saa nane, na inyweni pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Wengi wakijisikia nafuu siku ya pili wanaviweka vilivyobaki kabatini, akiba ya mtoto.

Taifodi ndiyo inayoniudhi. Watu wanakuja na karatasi kutoka kwingine, "nina malaria na taifodi," yaani kama mapacha, kila homa inazaa vyote viwili. Kipimo cha Widal kinatafuta askari wa mwili, na askari hao wanaweza kuwa wa ugonjwa wa zamani. Kukipima mara moja na kusema mtu ana taifodi ni kubahatisha. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu, ambacho kina gharama na kinachukua siku. Daktari wetu hukiandika kwa nadra, na wapo wagonjwa waliotuhama kwa sababu hiyo. Walikwenda walikoambiwa wana taifodi.

Wanaosema "nipimeni kila kitu" nawarudisha kwa daktari bila kubishana. Cha kukumbuka ni kwamba ukija kwa sukari ya asubuhi, usiku uliotangulia acha kula kwa saa nane hivi. Maji unaruhusiwa. Chai ya rangi "bila sukari nyingi" ni chai.

Kuhusu foleni sina mengi. Miadi ya saa nne inaweza kuwa saa tano, kwa sababu mgonjwa aliye mbele yako amepewa nusu saa ileile utakayopewa wewe. Na mtoto akiingia anadegedeka anapita mbele ya kila mtu, awe mheshimiwa, awe nani.

Bima sasa. "Mnapokea kadi yangu?" Nijibu vipi wakati jibu la leo si lazima liwe la mwezi ujao? Machi 2024, kitita kipya cha mafao cha NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kilipoanza, hospitali kadhaa binafsi zilisitisha kwa muda kuwahudumia wanachama, na watu walifika madirishani na kadi zao hai wakaambiwa walipe taslimu. Toka hapo nawaambia wagonjwa wetu wapige simu kabla ya kupanda gari. Na waulize maswali mawili, sio moja. La kwanza, kadi inapokelewa? La pili, dawa ninayotumia imo kwenye kitita? Kadi inaweza kukubalika mlangoni na dawa ikakataliwa famasi.

Halafu kuna ya kuazimana. Kijana anakuja na kadi ya kaka yake, wanafanana kweli. Anasema, "Anti, si damu moja?" Undugu siukatai. Tatizo ni faili. Nikimwandikia kijana yule kwa jina la kaka, mwaka kesho kaka akiletwa hajitambui, daktari atasoma kwamba ana kisukari na penisilini inamdhuru, mambo ambayo ni ya mdogo wake. Mbali na kwamba ni udanganyifu na bima hukamata, unaweza kumuua ndugu yako. Nikieleza hivyo wengi hurudisha kadi mfukoni kimya kimya, na tunatafuta namna ya kulipa kwa mafungu.

La siri ndilo linalonitoa jasho zaidi ya yote. Siku moja aliingia baba mmoja mstaarabu, tumemjua miaka, analipia familia nzima. Akainama karibu na kioo. "Mama watoto alipima hapa juzi. Nipe majibu yake, niko njiani kuelekea nyumbani."

"Baba, majibu atapewa mwenyewe."

"Mimi ndiye ninayelipa."

"Najua, baba. Risiti nakupa."

"Ni mke wangu, dada."

"Ndiyo, baba. Na faili ni lake."

Alikaa pale muda mrefu bila kusema neno. Watu kwenye benchi walianza kutazama simu zao kwa bidii. Mwishowe alichukua risiti akaondoka, na alinichukia kwa miezi. Majibu yenyewe sikuyajua. Bahasha ilikuwa imefungwa. Lakini angekuja mke kuulizia ya mume jibu lingekuwa hilohilo. Kwa kipimo cha UKIMWI sheria ya 2008 inasema majibu ni siri, na tangu Mei 2023 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Watoto wadogo majibu yao wanapewa wazazi. Bibi asiyesoma huja na mjukuu, naye bibi mwenyewe ndiye husema mjukuu aingie au abaki nje. Cha ajabu, baba yule alirudi. Baada ya muda aliletwa na tatizo lake mwenyewe, lile ambalo wanaume hulitaja kwa kuangalia sakafu, na kabla ya kuingia aliniuliza kwa sauti ya chini, "Hili linabaki hapa, sio?" Nikamwambia linabaki.

Waajiri nao hupiga kuulizia ED, ile karatasi ya daktari ya kumpumzisha mgonjwa kazini. "Huyu kijana wetu ameleta ED yenu, anaumwa nini?" Naweza kuthibitisha kwamba karatasi imetoka kwetu na tarehe ni sahihi. Anaumwa nini, muulize yeye. Na kwa wanaotaka ED yenyewe: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, mradi awe na cheti cha daktari. Kwa hiyo ED ni karatasi ya hela, na daktari anaijibia. Mtu anayekuja Jumatano kuomba ED ya Jumatatu, "nilikuwa hoi kitandani," anaandikiwa kwamba ameonekana Jumatano. Hakuna aliyemwona Jumatatu. Wapo wanaoniita roho mbaya. Wengine huongeza kwamba kituo fulani kinatoa kwa elfu kumi, na mimi huwatakia safari njema.

"Nipe namba ya daktari ya WhatsApp" tulikuwa tunaikubali. Ikawa saa saba usiku zinaingia picha za vipele, video za watoto wanaokohoa, sauti za dakika nne. Sasa kliniki ina namba yake, inajibiwa saa za kazi, na ina ujumbe unaosema mambo ambayo hayasubiri asubuhi: kifua kinachobana, upande mmoja wa mwili kulegea au mdomo kwenda upande, kupumua kwa shida, degedege, mjamzito anayetoka damu au anayeumwa kichwa kikali na kuona maruweruwe. Hayo ni ya hospitali kubwa, sasa hivi. Mjamzito au mtoto mchanga kwenye dharura ana namba 115 ya m-mama, usafiri wa dharura, ya bure. Usije kwetu kwanza kuchukua barua. Watu wamezoea kwamba Muhimbili huendi bila rufaa, na kwa kliniki za mabingwa ni kweli, ila mlango wa dharura hauulizi barua. Ukiwa Kinondoni na Mwananyamala iko karibu, nenda Mwananyamala.

Kwa rufaa ya kawaida, barua nzuri ina faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Tunaandika alichoonekana nacho, dawa anazotumia na vipimo vilivyokwisha fanyika, ili asilipie vilevile mara ya pili. Soma barua yako kabla ya kuondoka. Ni yako. Na ukihama mji, omba muhtasari wa faili. Hatuwezi kukunyima, na daktari wa Mwanza au Mbeya hatalazimika kuanza moja.

Swali jipya nililoanza kulisikia mwaka huu ni la daktari mwenyewe. Nywele zimekuwa nyeupe, na Ijumaa hafiki tena. "Mzee akistaafu, sisi tunakwenda wapi?" Ameshaleta daktari mdogo, binti mwenye sauti ya upole, anakaa siku mbili kwa wiki. Siku zake benchi linakuwa jeupe. Watu wanachungulia, wanauliza, "Mzee yupo?" Nikisema hayupo wanaahirisha hata homa.

Mama wa Tabata naye alikuwa mmoja wao. Alikuja Ijumaa na kikapu chake, akasikia mzee hayupo, akageuka. Nikamwambia aingie, asipoelewana naye hela yake nitamrudishia mimi. Akaingia akiwa amenuna. Nikasikia kupitia mlango binti akisema, "Shikamoo mama. Naona ile amlodipine ya mkweo tuliiondoa. Na chupa ya shamba, uliirudia?" Kimya. Kisha mama akauliza, "Nani kakwambia?"

"Imeandikwa hapa, mama."

Alikaa ndani muda mrefu, hadi wawili waliokuwa kwenye foleni wakaanza kuninung'unikia. Alipotoka hakuwa na dawa mpya hata moja. Hakudai hela yake. Aliuliza tu kama Ijumaa ijayo binti atakuwepo, maana ana dada yake Kigogo anayesumbuliwa na sukari.